Bonde la Ruzizi: kutunza na kurudisha makao ya asili kwenye kingo za mto wetu

Katika makanisa yetu ya bondeni, tangu Kamanyola mpaka Uvira, kila msimu wa mvua kuna familia inayotuletea habari ile ile: mto umekula shamba. Mwaka uliopita mstari wa mwisho wa mahindi ulikuwa hatua ishirini kutoka majini, na mwaka huu umeondoka na maji. Tunawafariji watu hao, tunawakusanyia chakula na nguo, na hiyo ni kazi njema. Lakini tumeona kwamba haitoshi kuchanga kila mwaka kwa ajili ya tatizo lile lile bila kueleza linatoka wapi. Andiko hili linataka kueleza mto Ruzizi ni mto wa namna gani, makao yake ya asili yanafanya kazi gani, yameharibikaje, sheria inasema nini, na ni nini kinachoweza kurudishwa na mikono yetu wenyewe.

Mto na bonde lake

Ruzizi unatoka ziwa Kivu, pale Bukavu, na unaingia ziwa Tanganyika kaskazini, kati ya Uvira na Bujumbura. Urefu wake ni yapata kilomita 117. Ziwa Kivu liko kwenye kimo cha karibu mita 1,460 juu ya bahari, na Tanganyika karibu mita 770. Maana yake, katika safari fupi hiyo mto unashuka karibu mita 700. Sehemu kubwa ya mteremko huo iko juu, kwenye makorongo kati ya Bukavu na Kamanyola. Ndiyo sababu mitambo ya umeme ilijengwa huko: Ruzizi I mwishoni mwa miaka ya 1950, na Ruzizi II iliyoanza kazi mwaka 1989 kwa ajili ya Kongo, Rwanda na Burundi pamoja.

Zamani sana ziwa Kivu halikumwaga maji yake huku kwetu. Maji yake yalikwenda kaskazini. Volkano za Virunga zilifunga njia hiyo maelfu ya miaka iliyopita, maji yakapanda, yakapata mlango upande wa kusini. Kwa hiyo Ruzizi ni mto kijana, na mto kijana bado unajitafutia njia.

Kuanzia Kamanyola mto unaingia uwanda. Hapo mwendo wake unapungua, unazunguka huku na huku, unakula ukingo mmoja na kuweka udongo kwenye ukingo mwingine. Upande wetu kuna Luvungi, Sange na Kiliba. Upande wa Burundi kuna mashamba ya Cibitoke na Gihanga. Mvua ya uwandani si nyingi, kwa kawaida haifiki milimita 1,000 kwa mwaka. Lakini milima iliyo pande zote mbili inapata mvua nyingi kuliko hiyo, nayo inatuma vijito vyake bondeni. Ndiyo maana mtu wa Sange anaweza kulala bila kuona tone la mvua, akaamka na kukuta maji mlangoni. Mvua ilinyesha milimani.

Makao ya asili yaliyomo bondeni

Tunaposema makao ya asili, tunasema mahali ambapo mimea na wanyama wanaishi kwa namna Muumba alivyowapangia, bila kupandwa wala kufugwa. Katika bonde letu yako ya namna nne.

Ya kwanza ni misitu midogo ya kandokando ya mto na vijito. Hapo palikuwa na mivumu mikubwa, migunga na miti mingine inayopenda miguu yake ikae karibu na maji. Leo imebaki vipande vipande.

Ya pili ni matete na mafunjo, yaani ardhi yenye maji karibu mwaka wote. Samaki wanataga na kukua humo, ndege wanajenga viota, na tope linalobebwa na maji linanaswa humo.

Ya tatu ni uwanda wa majani wenye miti michache. Upande wa Burundi, karibu na Gihanga, kuna bado minyaa, ile mitende ya porini, na watu wanakuja kutoka mbali kuiangalia. Majani ya uwandani ndiyo chakula cha viboko. Mchana kiboko anakaa majini, usiku anatoka kula, naye anafuata njia zile zile miaka yote.

Ya nne ni delta, pale mto unapogawanyika na kuingia ziwani. Delta inakaliwa na viboko, mamba, samaki wadogo na ndege wengi, hata wale wanaokimbia baridi ya Ulaya na kukaa kwetu miezi kadhaa. Upande wa Burundi eneo hilo lilianza kutengwa mwaka 1980, na mwaka 2002 liliandikwa katika orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu kwa dunia nzima, kufuatana na mapatano yaliyotiwa sahihi mwaka 1971 katika mji wa Ramsar, nchini Iran.

Kingo zinafanya kazi gani

Wengi wetu tulifundishwa kwamba mahali penye matete ni mahali pa bure, mahali pasipolimwa. Hilo ni kosa. Ukingo wenye mimea yake unafanya kazi ambazo, tukizipoteza, inabidi tuzilipie fedha nyingi.

Kwanza, mizizi inashika udongo. Ukingo wa udongo mtupu, maji yanakula chini yake, halafu sehemu ya juu inaanguka kwa mkupuo. Ukingo wenye mizizi unaweza kuliwa pia, lakini polepole.

Pili, matete yanapunguza nguvu ya maji. Mto unapofurika, maji yanayopita katikati ya matete yanatembea taratibu, yanaacha tope na mchanga. Maji yanayopita kwenye shamba lililolimwa juzi yanakimbia na kubeba udongo pamoja na mbegu.

Tatu, matete yanasafisha maji. Wamama wetu wengi bado wanachota mtoni kwa bidoni. Maji yaliyopita katika majani yana tope kidogo kuliko yale yaliyotoka moja kwa moja shambani au kwenye zizi. Si maji safi ya kunywa bila kuchemsha, lakini tofauti inaonekana kwa macho.

Nne, ni kitalu cha samaki. Ziwa Tanganyika lina mamia ya aina za samaki, na wengi wao hawapatikani mahali pengine duniani. Wavuvi wetu wanaangalia ndagala na mikeke katikati ya ziwa, lakini afya ya ziwa inaanza pembeni. Tope likizidi kuingia, linafunika mawe na mchanga ambako aina nyingi za samaki wanakula na kutaga. Anayelima ukingo Luvungi anagusa pia sufuria ya mvuvi wa Uvira, ingawa hao wawili hawajaonana kamwe.

Makao yameharibikaje

Uharibifu haukuletwa na mtu mmoja wala kabila moja. Tunasema hili wazi, kwa sababu katika bonde letu kila shida hutafutiwa kabila la kuibeba.

Wakati wa wakoloni uwanda ulifyekwa kwa ajili ya pamba, baadaye miwa ya Kiliba na mpunga. Mashamba hayo yalilisha watu na kuwapa kazi, lakini yalianza kupunguza majani na miti ya asili. Baadaye watu waliongezeka. Miaka ya 1993 na 1994 wakimbizi wengi kutoka Burundi na Rwanda walikaa katika kambi za uwandani, na kila jiko la kambi lilihitaji kuni. Vita vya mwaka 1996 na vilivyofuata viliwashusha watu wengi kutoka milimani. Mwanzoni mwa mwaka 2025 makumi ya maelfu ya ndugu zetu walivuka Ruzizi kwenda Burundi, wengine kwa mitumbwi, wengine kwa miguu, na wako walioshindwa kufika ng'ambo. Mtu anayekimbia hawezi kuulizwa habari za miti. Lakini baada ya kila wimbi la ukimbizi ardhi inabaki na deni, na deni hilo halijalipwa.

Kuna pia mambo tunayofanya wakati wa amani. Tunakata miti milimani kwa ajili ya makala ya kuuza Uvira na Bukavu. Tunachoma matofali kandokando ya vijito, kwa sababu udongo mzuri uko pale na maji yako pale, na kila tanuru linakula miti mingi. Tunachimba mchanga kwenye ukingo wenyewe. Tunalima mihogo na mahindi kwa kushuka na mteremko badala ya kuukata. Na huko juu, mjini Bukavu, takataka zinatupwa katika mitaro, zinaingia ziwani, zinafika kwenye bwawa la Ruzizi I, na mafundi wanalazimika kuziondoa ili mitambo ifanye kazi. Mfuko wa plastiki uliotupwa leo na mkristo wa Bukavu unaweza kuzima taa ya mkristo mwenzake kesho.

Hatari yake tumeiona. Katika Aprili 2020 mto Mulongwe, ambao unaingia moja kwa moja ziwani, ulifurika mjini Uvira. Watu walikufa na maelfu wakabaki bila nyumba. Tarehe 4 Mei 2023, huko Kalehe, kwenye pwani ya ziwa Kivu, mito ilishuka juu ya Bushushu na Nyamukubi, ikaua watu zaidi ya 400. Mvua zilikuwa kubwa kweli. Lakini mvua kubwa ikishuka kwenye mlima ulio uchi, mawe na tope vinashuka pamoja nayo.

Hapa tunapaswa kusema ukweli wote. Si kila maji yanazuiliwa na miti. Mwaka 2024 ziwa Tanganyika lilipanda mpaka maji yakaingia katika mitaa ya Uvira, Gatumba na Bujumbura. Hilo lilitokana na mvua za eneo pana sana, na ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga pale Kalemie. Kupanda matete Sange hakuwezi kushusha ziwa. Tusiwaahidi watu kile kisichowezekana. Tunachoweza kupunguza ni tope, nguvu ya vijito, na ulaji wa kingo.

Sheria inasema nini

Sheria ya Misitu ya Kongo, namba 011/2002 ya tarehe 29 Agosti 2002, inakataza kufyeka miti katika mita 50 kila upande wa mto au kijito, na katika mita 100 kuzunguka chemchemi. Kuna pia sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 juu ya kulinda mazingira, na sheria ya maji namba 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015. Wachungaji na wazee wa kanisa wangefaa kuzijua namba hizi, kwa sababu mara nyingi mwananchi anasikia habari za sheria siku anapotozwa faini tu.

Kati ya mataifa kuna mapatano mengine. Mwaka 2003 Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilitia sahihi mjini Dar es Salaam mapatano ya kutunza ziwa Tanganyika. Kwa ajili ya ziwa Kivu na Ruzizi, Kongo, Rwanda na Burundi zina mamlaka ya pamoja inayoitwa ABAKIR. Vyombo hivyo ni vya lazima, kwa maana mto huu ni mpaka, nao hausimami mahali pamoja. Ukijenga ukuta wa mawe upande mmoja, unayasukuma maji yakale upande wa pili. Kila kazi kubwa ya ukingoni inataka mazungumzo na jirani wa ng'ambo.

Kurudisha: njia zinazojulikana

Kurudisha makao ya asili si kupanda miti peke yake. Mara nyingine jambo la kwanza ni kuacha. Tunataja hapa hatua kwa mpangilio wake, kuanzia juu kwenda chini, kwa sababu anayeanza kazi ukingoni na kuuacha mlima uchi anafagia nyumba ambayo paa lake limetoboka.

1. Mlimani: kukata mteremko. Mistari ya matuta lazima ifuate usawa wa ardhi. Kipimo chake ni rahisi. Chukua fito mbili za mita mbili, zifunge juu, weka ufito mfupi katikati ili upate umbo la herufi A, ning'iniza kamba yenye jiwe. Simamisha kipimo, tia alama pale kamba inapogusa ufito wa katikati. Kigeuze miguu ibadilishane mahali, tia alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa ulipo. Kwa kipimo hicho vijana wanaweza kupima mlima mzima bila mashine. Juu ya matuta panda majani ya ng'ombe kama setaria na tripsakumu, au vetiveri, ambayo mizizi yake inaweza kushuka mita tatu. Vichipukizi vya vetiveri vipandwe karibu karibu, sentimita 10 hadi 15, ili viwe kama ukuta.

2. Kwenye chemchemi: kuzungushia. Chemchemi ipate uzio wa miti hai, isilimwe karibu, na mifugo inyweshwe chini yake, si ndani yake. Hapa tunakumbusha juu ya mikaratusi. Ni mti mzuri wa mbao na kuni, unakua upesi. Lakini unakunywa maji mengi, na chini yake majani hayaoti vizuri. Mahali pake ni kwenye vilele vikavu, ambako utatupa kuni na kuacha miti ya asili ipumzike. Usipandwe kwenye chemchemi wala ukingoni. Tunasema hivi kama watu waliokosea: katika moja ya parokia zetu tuliwahi kusherehekea siku ya kupanda miti, tukapanda mikaratusi kuzunguka kisima cha kijiji, tukaomba, tukapiga picha. Baada ya miaka michache wamama walikuwa wanasubiri muda mrefu zaidi ili bidoni ijae. Nia yetu ilikuwa njema, ila mti haukuwa wa mahali pale.

3. Ukingoni: matete kwanza, miti baadaye. Karibu na maji panda mizizi ya matete na mafunjo iliyochimbwa mahali yalipo mengi. Nyuma yake panda miti ya asili. Mvumu na mkalala, ule mti wa maua mekundu, inaota kwa kuchomeka vijiti vikubwa vya urefu wa mtu, bila kitalu. Mti ambao Warundi na Wanyarwanda wanauita umusave unatoa pia mbao nzuri. Pandeni mvua za mwanzo zinapoanza, ili mti upate miezi mingi ya maji kabla ya kiangazi cha mwezi wa sita mpaka wa nane.

4. Mahali palipobaki visiki: kuacha. Visiki vingi bado viko hai. Vikilindwa visikatwe wala kuliwa na mbuzi kwa miaka miwili au mitatu, vinachipuka vyenyewe, na vina mizizi mirefu tayari. Hii ndiyo njia ya bei ndogo kuliko zote. Inataka mapatano tu, wala haihitaji mfadhili.

5. Njia za wanyama na mifugo. Ukingo ukizibwa wote, mfugaji atauvunja, kwa sababu ng'ombe lazima wanywe. Acheni mahali palipokubaliwa pa kunyweshea, pawekwe mawe ili pasiwe tope. Njia ya kiboko pia isilimwe. Shamba lililofungwa juu ya njia yake linaleta kifo, cha mtu au cha kiboko.

6. Jikoni. Mbabula ya udongo iliyotengenezwa vizuri inatumia makala kidogo kuliko mafiga matatu au mbabula ya chuma tupu. Kila gunia lisilochomwa ni miti iliyobaki mlimani.

Mfano wa jirani

Kaskazini mwa Rwanda kuna kinamasi kinachoitwa Rugezi, ambacho maji yake yanaingia ziwa Burera na kuendesha kituo cha umeme cha Ntaruka. Si bonde letu, kwani maji yake yanaelekea mto Nile, lakini funzo lake linatuhusu. Kinamasi kilipochimbwa mifereji na kulimwa, na milima yake kuporomoka, maji ya ziwa yalishuka. Mwaka 2004 umeme wa Ntaruka ulipungua vibaya, na taa zikazimika mjini. Serikali ilisimamisha kilimo ndani ya kinamasi, ikapanda mianzi na majani pembeni, ikakata matuta milimani. Katika miaka iliyofuata maji yalirudi, na umeme pia.

Tunajifunza mambo mawili. La kwanza: ardhi oevu iliyoharibika inaweza kupona ndani ya kizazi kimoja, hata chini ya miaka kumi. La pili ni zito: waliokuwa wanalima ndani ya Rugezi walikuwa maskini, nao walipoteza mashamba. Maji yaliporudi, taa ziliwaka kwanza katika nyumba ambazo si zao.

Swali gumu: nani atalipa mita 50?

Tufanye hesabu. Familia yenye shamba la mita 100 kwa mita 100 kandokando ya mto ina hekta moja. Mita 50 zikiachwa zote, nusu ya shamba imekwenda. Kwa familia yenye watoto saba, hiyo ni nusu ya mihogo, nusu ya sombe, na ada ya shule ya watoto wawili au watatu. Mchungaji anayesimama mimbarani na kusema tu kwamba sheria imekataza, hajasema habari njema yoyote.

Kuna shida nyingine inayojulikana na kila mtu bondeni. Wengi wanaolima kingo si wenye ardhi. Wanakodi kwa msimu, kwa mwenye shamba au kwa mwami. Na katika desturi zetu, mtu anayepanda mti anaonekana anataka kumiliki. Kwa hiyo mwenye ardhi anamkataza mpangaji kupanda miti, na mpangaji mwenyewe haoni sababu ya kupanda mti ambao hatauona ukikua. Mkimbizi wa ndani naye anajua kwamba mwaka ujao hatakuwepo. Hapo ndipo miradi mingi inakufa. Miche inaletwa, inapandwa, picha zinapigwa, na kiangazi kinachofuata kunabaki vijiti vikavu.

Tunaona njia tatu za kusaidia.

Njia ya kwanza ni kugawa mita hizo katika sehemu. Miti iliyopo isikatwe, hilo ni la sheria na halijadiliwi. Lakini mahali palipokwisha kufyekwa zamani, familia inaweza kuanza na mita 10 za karibu na maji, ziwe za matete na miti ya asili tu, bila jembe. Mita zinazofuata ziwe za majani ya mifugo, miti ya matunda na migomba, vitu vinavyotoa chakula bila kuchimba udongo kila msimu. Kwa namna hiyo ukingo unapona hatua kwa hatua na familia haibaki mikono mitupu.

Njia ya pili ni barua ya mapatano. Mwenye ardhi na mlimaji waandike mbele ya mwami au chifu wa mtaa, na mashahidi wa kanisa, kwamba miti ya ukingoni haibadilishi umiliki, kwamba mlimaji ana haki ya kukata majani na kuchuma matunda kwa miaka iliyotajwa, na kwamba hakuna atakayeuza miti hiyo peke yake. Karatasi moja yenye sahihi inalinda miche kuliko uzio.

Njia ya tatu ni kubeba mzigo pamoja. Wanaofaidika na mto ni wengi: wavuvi, wenye umeme, watu wa mji wanaokunywa maji. Si haki mzigo wote ubebwe na yule mwenye hekta moja. Tunapoombwa maoni na serikali au mashirika, hilo ndilo la kusema kwanza.

Makanisa yaanzie wapi

Makanisa yetu ni wenye ardhi. Kandokando ya vijito vingi vya bonde hili kuna chapeli, shule, vituo vya afya na mashamba ya kanisa. Mengi kati ya majengo hayo yalijengwa kwa matofali yaliyochomwa kwa miti ya mahali pale pale. Kwa hiyo hatuanzi kwa kuwanyoshea wengine kidole. Tunaanza kwa kupima mita 50 katika ardhi ya kanisa.

Katika Mambo ya Walawi, sura ya 19 na ya 23, Mungu aliwaagiza watu wake wasivune mpaka pembeni kabisa mwa shamba, bali wawaachie maskini na mgeni sehemu hiyo. Sura ya 25 inasema kwamba ardhi yenyewe inahitaji kupumzika. Tumezoea kuhubiri sehemu hizo juu ya sadaka. Lakini zinasema pia juu ya ukingo: kwamba mwenye shamba mwaminifu anajua mahali pa kusimamisha jembe lake, kwa sababu kuna mwingine anayeishi kwa kile kinachoachwa. Katika bonde la Ruzizi yule mwingine ni mvuvi, ni mama mwenye bidoni, ni mtoto atakayelima baada yetu.

Kwa hiyo tunapendekeza kila parokia ifanye mambo haya mwaka huu. Kamati ya parokia ipime ardhi yake iliyo karibu na maji na kuweka alama. Siku moja ya salongo kwa mwezi itolewe kwa ukingo na chemchemi, kwa pamoja na majirani wa makanisa mengine na Waislamu. Kundi la vijana lichague visiki vya kulinda na kuvihesabu tena baada ya mwaka. Kikundi cha wamama kianzishe kitalu kidogo cha miti ya asili na ya matunda. Wazee wasaidie kuandika barua za mapatano kati ya wenye ardhi na walimaji. Na pale wakulima na wafugaji wanapogombania maji, kanisa liwakalishe pamoja kabla ya mvua, wapatane mahali pa kunyweshea, badala ya kuwazika baada ya ugomvi.

Halafu, baada ya kiangazi, turudi kuangalia. Kazi ya kweli haihesabiwi kwa miche iliyopandwa, inahesabiwa kwa miche iliyo hai mwaka wa pili. Parokia iliyopanda hamsini na kubaki na arobaini imefanya kazi kuliko iliyopanda elfu na kubaki na kumi.

Hatujui ni lini bonde letu litapata amani yote tunayoiombea. Lakini matete hayangojei amani ili yaote. Yanangoja tu tuyaachie mahali. Bwana awabariki ninyi nyote mnaoishi karibu na maji.